Kichwa cha zimwi cha lateksi kinachofumba macho na kufungua kinywa: mwongozo kamili

Kichwa cha kikaragosi kinaweza kuchongwa kwa ustadi mkubwa na kupakwa rangi za kupendeza, lakini kikifungua kinywa tu, watazamaji wanaona mpira unaovutwa na waya. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: fundi alianza na sura, mwendo akaufikiria baadaye. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Kuanzia bonge la kwanza la udongo hadi tone la mwisho la rangi, tutakuwa tunauliza sehemu hii itasogea vipi, na ngozi iliyo juu yake itakwenda wapi ikisogea.

Mfano wetu ni kichwa cha zimwi, kikubwa kidogo kuliko cha binadamu. Taya linafunguka, macho yanageuka kushoto na kulia, kope zinafumba, na mdomo wa juu unapanda upande mmoja linapokasirika. Miondoko minne inatosha kabisa kwa kazi ya kwanza. Wengi hutaka nyusi, masikio, pua na mashavu vyote vicheze, halafu wanaishia na kichwa chenye waya kumi na miwili ambacho hakuna mtu mwenye vidole vya kutosha kukiendesha.

Kabla ya kushika udongo

Chora kichwa kwa ukubwa wake halisi, kwa mbele na kwa ubavu. Kwenye mchoro wa ubavu weka alama ya egemeo la taya, mstari wa meno, kitovu cha jicho, na mahali mkono wako utakapoingia. Kata taya la karatasi, libane kwenye egemeo kwa pini, ulifungue na kulifunga. Dakika chache za kuchezea karatasi hiyo zitakuonyesha kama kidevu kitagonga shingo na kama kinywa kitafunguka vya kutosha.

Egemeo la taya lazima liwe mbele kidogo ya sikio, chini ya mfupa wa shavu, kama lilivyo kwa binadamu na wanyama wengi. Ukiliweka kwenye pembe ya mdomo kwa sababu hapo ndipo mdomo unapoonekana kuishia, taya litafunguka kama kifuniko cha sanduku na ngozi ya pembeni itavutika mpaka ichanike. Likirudi nyuma, taya zima linashuka, shavu linarefuka, na hapo uso unaanza kuaminika.

Lateksi husinyaa inapokauka, kwa kawaida asilimia 5 hivi, na aina nyingine hukaribia 10. Kwa hiyo chonga kichwa kikubwa kidogo kuliko unavyokihitaji, hasa matundu ya macho, maana macho yenyewe ni magumu na hayatasinyaa pamoja na ngozi.

Jambo la afya lazima lisemwe mapema. Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira uliotiwa amonia ili usigande, na harufu yake huchoma macho na pua. Fanya kazi mahali penye upepo. Wapo watu wenye mzio wa mpira wa asili, na mzio huo unaweza kuwa wa hatari, kwa hiyo tumia glavu za naitrili na umuulize kila atakayekivaa au kukishika kikaragosi kabla hajaingiza mkono. Unga wa plasta nao si wa kuvuta: vaa barakoa unapouchanganya.

Kuchonga

Simamisha bomba kwenye ubao mzito, lizungushie magazeti yaliyofinyangwa na kufungwa kwa utepe mpaka upate umbo la yai lililo dogo kuliko kichwa kwa sentimita tatu au nne kila upande, kisha lifunike kwa mfuko wa plastiki. Juu yake weka udongo. Udongo wa mfinyanzi ni rahisi na unaachana vizuri na plasta, ila kila jioni lazima uufunike kwa kitambaa chenye unyevu usipasuke. Udongo wa mafuta haukauki, unashika alama ndogo ndogo vizuri zaidi, lakini ni ghali na huacha utando kwenye kalibu, yaani ganda la plasta tutakalomiminia lateksi, ambao utahitaji kuusafisha.

Ingiza mapema mipira miwili ya ukubwa uleule wa macho utakayotumia. Mpira wa tenisi ya meza una kipenyo cha milimita 40 na unalifaa zimwi vizuri. Kope zijengwe juu ya mpira, siyo kuchorwa pembeni yake.

Chonga kinywa kikiwa wazi kidogo, kama mtu anayepumua kwa mdomo. Hii ndiyo hali ya katikati: taya likifungwa, ngozi inajikunja kidogo, likifunguka inavutika kidogo. Ukichonga kinywa kilichofumbwa kabisa, kila tamko litakuwa ni kupigana na mpira, na vidole vyako vitachoka kabla ya onyesho kufika nusu.

Mikunjo ndiyo siri kubwa ya kichwa kinachosogea. Mkunjo ni akiba ya ngozi. Ukichonga mikunjo mirefu inayoshuka kutoka puani kuzunguka pembe za mdomo, na mingine chini ya kidevu, ngozi itafunguka kwenye mikunjo hiyo badala ya kuvutika. Mikunjo ikingame na njia ya mvuto: taya huvuta kwenda chini, kwa hiyo chini ya shavu unataka mikunjo ya kulala. Pale ambapo mdomo wa juu utapanda kwa hasira, chonga tayari mistari miwili au mitatu ya chuki kando ya pua. Ikiwa ipo kwenye udongo, mpira utajua pa kukunjamana. Isipokuwapo, utapanda kama kitambaa tu.

Vinyweleo na makunyanzi madogo vije mwisho. Tandaza plastiki nyembamba juu ya udongo ndipo ukwaruze kwa kijiti, ili kingo za alama ziwe laini kama za mwili. Unaweza pia kupaka lateksi juu ya ganda la chungwa au jiwe lenye vishimo, ukaibandua ikikauka, na kuitumia kama muhuri wa kugandamiza ngozi. Badilisha muhuri na upande wa kuugandamiza, kwa sababu jicho hugundua upesi alama inayojirudia.

Kalibu ya plasta

Plasta inafaa kwa lateksi kwa sababu inakunywa maji. Lateksi ikigusa ukuta mkavu, maji hufyonzwa na mpira unaganda pale pale kama ngozi, na unene unaongezeka kadiri muda unavyokwenda. Ndiyo maana ndani ya kalibu hapapakwi mafuta hata kidogo. Mafuta ya mgando yana mahali pamoja tu: kwenye ukingo ambapo nusu moja ya plasta inakutana na nyingine.

Gawa kichwa kwa mstari unaopita utosini, nyuma ya masikio, hadi shingoni. Laza sanamu chali, jenga ukuta wa udongo wenye kina cha sentimita tatu kwenye mstari huo, na uchimbe juu yake vishimo vinne au vitano vya nusu duara vitakavyofungana na nusu ya pili. Sehemu zinazojikunja kwa ndani, kama nyuma ya sikio au tundu la pua, zijaze kidogo ili plasta isinase.

Kwa plasta ya kawaida, sehemu 100 za unga kwa sehemu 65 hadi 70 za maji kwa uzito ni kipimo kizuri. Nyunyiza unga kwenye maji, usimwage maji kwenye unga. Uache dakika moja au mbili unywe, kisha koroga kwa mkono wenye glavu bila kupiga mapovu. Tabaka la kwanza lipake kwa brashi, ukiipuliza plasta iingie kwenye kila kunyanzi, kwa sababu kila kiputo kitakachobaki kitakuwa chunusi ya mpira kwenye uso wa zimwi. Inapoanza kuwa nzito ongeza tabaka la pili, kisha vipande vya gunia au nyuzi za katani zilizochovywa, mpaka ufike unene wa sentimita mbili na nusu hadi tatu. Plasta hupata joto inapokaza. Usiache mkono wako au wa mtu mwingine uzungukwe nayo hata kwa mzaha, watu wameungua vibaya.

Nusu ya kwanza ikikaza, geuza, ondoa ukuta wa udongo, paka ukingo mafuta ya mgando, na urudie upande wa pili. Acha mahali pawili au patatu pa kuingiza kabari za mbao. Kufungua kunataka subira: gonga kabari kidogo kidogo kwa zamu, mimina maji kwenye mwanya, na usitumie nguvu za ghafla. Toa udongo wote, osha kwa brashi laini, kisha acha nusu zote mbili zikauke kwa siku kadhaa. Ukizitia kwenye joto, lisizidi nyuzi 45 za Selsiasi, vinginevyo plasta inaanza kupoteza nguvu. Kalibu ikiwa bado na maji ndani, ukiiweka shavuni utahisi baridi.

Kumimina ngozi

Nunua lateksi ya kumimina, iliyokwisha kuvulkanishwa, yaani kuimarishwa, kiwandani. Haihitaji kuokwa: maji yakitoka, inakuwa mpira. Ikoroge taratibu na uichuje kwa soksi ndefu ya nailoni ili kutoa vigande.

Funga nusu mbili za kalibu kwa mikanda, ziba mwanya wa nje kwa udongo, na uisimamishe kichwa chini, shingo juu. Mimina lateksi kidogo, zungusha kalibu mpaka kila mahali palowe, vunja viputo kwa brashi, halafu jaza hadi ukingoni. Sasa subiri. Kalibu kavu inaweza kujenga ngozi ya milimita mbili ndani ya dakika 20 hadi 40, ila kila plasta na kila lateksi ina tabia yake, kwa hiyo usitegemee saa peke yake. Kata kipande kidogo kwenye ukingo wa shingo kwa wembe na uutazame unene. Ukifika milimita mbili, rudisha lateksi kwenye ndoo.

Unapoimimina nje, igeuze kalibu pande zote. Lateksi hupenda kutuama kwenye ncha ya pua na kidevu, na dimbwi la namna hiyo hukauka nje tu huku ndani likibaki maziwa kwa wiki. Unene usiwe sawa kila mahali. Kope, pembe za mdomo na eneo la mashavu yanayokunjamana viwe vyembamba. Shingo, masikio na kingo zote viongezwe tabaka moja au mawili kwa brashi, pamoja na vipande vya shashi.

Elekeza feni shingoni, hewa ipenye ndani. Ngozi ikiwa imebadilika kutoka weupe wa maziwa hadi rangi ya asali, na kidole kikibonyeza hakiachi alama, iko tayari, kwa kawaida baada ya siku moja au mbili. Kabla ya kuitoa nyunyiza poda ya kutosha ndani, na endelea kunyunyiza kila unapobandua. Lateksi mpya isiyo na poda ikijigusa, inashikana, na kuna mishikano ambayo haiachani tena.

Ngozi ya kwanza kutoka kwenye kalibu mpya mara nyingi huwa na uchafu wa udongo. Usiitupe: utajifunzia rangi juu yake. Toa ya pili kwa ajili ya kichwa chenyewe.

Fuvu na taya

Fuvu litoshee ngozi, na njia ya uhakika ni kulijenga ndani ya ngozi hiyo hiyo. Irudishe ngozi kwenye nusu za kalibu, tandika plastiki nyembamba juu yake, kisha bandika ndani matabaka matano au sita ya karatasi iliyolowekwa gundi ya mbao. Likikauka ni jepesi na gumu. Anayetaka la kudumu zaidi anaweza kutumia faibaglasi na epoksi, akivaa kinga ya mvuke na glavu.

Likishakauka, litoe ulipunguze. Hapa wengi hulionea fuvu huruma. Punguza vizuri sehemu zote ambazo ngozi inapaswa kuteleza: acha nafasi ya milimita tatu au nne chini ya mashavu, juu ya mdomo wa juu na kuzunguka kope. Ngozi iliyobanwa na fuvu haiwezi kusogea hata ukiivuta kwa nguvu gani.

Kata taya la chini, lirudishe kwa bolti mbili kwenye maegemeo uliyoyachora. Bolti zote mbili lazima ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zikipishana, taya litakwaruza na kunasa. Ndani ya taya weka kitanzi cha ngozi au ukanda kwa ajili ya kidole gumba, na kwenye fuvu la juu ukanda wa vidole vinne. Mkono wako ndio chombo bora zaidi cha kuendesha taya, kuliko waya na kuliko mota, kwa sababu unajua kufungua nusu, kusita, na kutetemeka.

Meno na fizi vitengenezwe kwa epoksi ya kufinyanga na kubanwa kwenye fuvu, siyo kwenye ngozi. Kwa kinywa cha ndani, paka lateksi nyekundu iliyofifia kwenye kitambaa chembamba, ushone mfuko unaojikunja, na ubandike kingo zake nyuma ya midomo.

Macho na kope

Kata mpira wa tenisi ya meza kwa nyuma, upitishe kijiti cha chuma wima katikati yake ili ugeuke kushoto na kulia. Kila jicho liwe na mkono mdogo wa nyuma, na mikono miwili iunganishwe kwa ufito mmoja. Ukivuta ufito, macho yote yanageuka pamoja. Kabla ya kukaza ufito, sogeza macho yaangalie ndani kidogo, kana kwamba yanatazama mtu aliye hatua tatu mbele. Macho yanayotazama sambamba kabisa yanaonekana kupita juu ya kila mtu, na hakuna rangi itakayoponya hilo.

Chora mboni kwa mduara mweusi wa nje, mistari inayotoka katikati ya rangi mbili tatu zinazokaribiana, na mviringo mweusi kabisa wa ndani. Kisha weka tone la epoksi angavu juu ya mboni, lipande kama kuba. Usichore nuru nyeupe ya jicho. Kuba hilo litapokea nuru halisi ya chumba, nayo itasogea jicho likigeuka.

Kope ni nusu ganda la mpira mkubwa kidogo, linalozunguka kwenye egemeo la mlalo pembeni mwa jicho. Lifunike kwa ngozi nyembamba ya lateksi iliyobandikwa pia kwenye ukingo wa tundu la jicho, ikiwa na kunyanzi la ziada. Kope la juu likiwa limetulia lifunike sehemu ndogo ya juu ya mboni. Likiacha weupe kuonekana juu yake, zimwi litakuwa limeshtuka maisha yake yote.

Waya au mota

Kwa macho, kope na mdomo wa juu, waya wa breki ya baiskeli unafanya kazi nzuri. Kumbuka kanuni yake: ala ya nje lazima ikazwe pande zote mbili, kwenye fuvu na kwenye mpini, ndipo waya wa ndani uweze kuvuta. Ala isiyokazwa hujipinda tu na nguvu inaishia hapo. Epuka kona kali. Kinachorudisha kila mwondoko ni springi au mpira wa kuvuta upande wa pili.

Urefu wa mvuto unahesabika. Wenzo wa milimita 40 ukigeuka nyuzi 30, waya umesafiri milimita 21 hivi. Ukiwa na mpini unaovuta milimita 15 tu, fupisha wenzo badala ya kulazimisha mpini.

Usitumie grisi wala mafuta karibu na ngozi, kwa sababu mafuta hulainisha na kuozesha lateksi. Chagua ala yenye bitana ya nailoni. Shaba nayo, nyekundu au ya njano, huiharibu lateksi na kuipa madoa, kwa hiyo bolti na vifungo vinavyogusa ngozi viwe vya chuma cha pua au plastiki.

Ukipenda mota, sevo ndogo za gramu 9, yaani mota zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru, zinatosha kwa macho na kope. Sevo ya kawaida hupokea mpigo mara 50 kwa sekunde: mpigo wa milisekunde 1 huipeleka upande mmoja, 2 upande mwingine, na 1.5 huiweka katikati. Kibao kidogo cha kielektroniki kinachopokea programu, kama Arduino, kinaweza kuziendesha, ila umeme wa sevo utoke kwenye betri yake, huku nyaya hasi za betri na za kibao zikiunganishwa. Sevo ikikwama huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na kibao kinachochangia chanzo hicho kitajizima na kuanza upya katikati ya onyesho. Taya liache mkononi mwako.

Kuvisha ngozi

Usibandike ngozi yote. Bandika paji la uso, daraja la pua, kisogo, ukingo wa matundu ya macho, na ncha ya kidevu. Mashavu na pembe za mdomo viwe huru. Kwa mdomo wa juu, chukua kipande cha kitambaa cha chandarua chenye ukubwa wa kidole gumba, kibandike ndani ya ngozi kwa matabaka mawili ya lateksi, na waya ufungwe kwenye kitambaa hicho. Waya uliobandikwa moja kwa moja kwenye mpira utang'oka, au utavuta nukta moja kama ndoano ya samaki.

Sasa chezesha. Fungua, fumba, kasirisha, mbele ya kioo, kabla ya tone lolote la rangi. Kasoro yoyote ya mwendo irekebishwe sasa.

Rangi

Futa ngozi kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha kwa spiriti ili poda yote itoke. Rangi ya akriliki peke yake haifai: haivutiki kama mpira, na kwenye pembe za mdomo itapasuka mapema.

Zipo njia tatu zinazodumu. Ya kwanza ni kutia rangi ya maji kwenye lateksi yenyewe na kupaka hiyo. Ni rahisi na inashika vizuri, lakini lateksi mbichi ni nyeupe na ikikauka inakuwa angavu, hivyo rangi hukauka ikiwa nzito kuliko unavyoiona kwenye kikombe. Jaribu kwanza kwenye ile ngozi ya kwanza. Ya pili ni rangi ya mafuta ya wachoraji iliyochanganywa na gundi ya mpira na kuzimuliwa kwa nafta. Inatoa uso mzuri sana, ila mvuke wake unawaka kwa urahisi na haufai kuvutwa: nje tu, mbali na moto. Ya tatu ni mchanganyiko unaojulikana kama PAX, gundi ya vipodozi ya Pros-Aide pamoja na akriliki, karibu nusu kwa nusu. Ulibuniwa na Dick Smith, fundi wa vipodozi vya filamu wa Marekani aliyepewa Oscar ya heshima mwaka 2011. Hubaki na unata, kwa hiyo kila tabaka hufuatwa na poda. Kwa anayeanza ningechagua lateksi yenye rangi kwa msingi, na PAX kwa kazi ya juu.

Anza na rangi ya kati, isiyo nyeupe wala nyeusi, tuseme kijani cha kijivu. Tumia sponji iliyonyofolewa kingo, gonga badala ya kuburuza, na fanya tabaka mbili nyembamba. Fungua taya unapopaka, ili rangi iingie ndani ya mikunjo. Mikunjo iliyopakwa ikiwa imefumbwa hufunua mistari ya mpira mtupu zimwi likianza kusema.

Msingi ukikauka, vunja usawa wake. Nyunyizia vidoa kwa brashi ngumu iliyolowa kidogo: zambarau, kahawia, njano iliyofifia, kila rangi peke yake na kwa wepesi. Ukiwa karibu vitakuchosha macho, lakini hatua tatu nyuma vinayeyukiana na kuwa ngozi. Kisha fikiria damu iko wapi. Pua, masikio, kope na viungo vya midomo huwa na wekundu. Mahali mfupa ulipo karibu, kama paji na mfupa wa shavu, huelekea njano. Matundu ya macho na eneo la taya hupoa kuelekea bluu na kijivu. Hata zimwi la kijani hufuata mpangilio huo, na ndio unaomfanya mtazamaji ahisi kuna mwili bila kujua kwa nini. Mishipa ichorwe kwa brashi nyembamba inayotetemeka mkononi, kisha ifunikwe nusu kwa tabaka jepesi la rangi ya msingi ili ionekane iko chini ya ngozi.

Baada ya hapo paka rangi nyeusi-kahawia iliyozimuliwa sana, iache itiririke mikunjoni, na ufute haraka sehemu zilizoinuka kwa sponji yenye unyevu. Mwisho kabisa gusa vilele vya mikunjo kwa sponji karibu kavu yenye rangi nyepesi. Acha mapema. Rangi nyepesi ikizidi, kichwa kinaonekana kimepakwa vumbi.

Paka poda, ipanguse kwa brashi laini, na uongeze mng'ao mahali penye unyevu tu: ukingo wa kope, tundu la pua, ndani ya midomo, fizi, ulimi. Kwingineko pabaki bila kung'aa. Kagua chini ya taa zile zile zitakazotumika kwenye onyesho, pia kwa kamera ya simu, kwa sababu kamera haioni rangi sawasawa na jicho.

Nywele za nyusi na ndevu ni bora zichomekwe moja moja kwa sindano iliyokatwa tundu lake likabaki kama uma, huku lateksi kidogo ikipakwa kwa ndani kuzishika. Ni kazi ya jioni nyingi. Ikikushinda, bandika vishada vidogo kwa lateksi kuanzia chini kwenda juu.

Kuchezesha na kutunza

Macho yatangulie, kichwa kifuate. Zimwi likisikia sauti, geuza macho kwanza, kisha kichwa, na fumba kope katikati ya kugeuka. Kwenye maneno, taya lifunguke pale irabu inapotoka, siyo kufungwa kwa kila herufi. Linaposikiliza lisiwe jiwe: pumua nalo, kidevu kipande na kushuka kidogo sana.

Baada ya onyesho kausha ndani kwa feni, kwa sababu jasho la mkono linaiozesha lateksi. Nyunyiza poda, jaza kinywa na shingo kwa magazeti yasiyo na wino unaotoka, na uhifadhi mahali pa giza na ubaridi. Jua na joto huufanya mpira uwe wa kunata, kisha mgumu, kisha unapasuka. Ngozi ikichanika, safisha kingo kwa spiriti, zikutanishe, na kwa ndani bandika shashi kwa matabaka matatu ya lateksi, kila moja likauke kabla ya lingine. Kwa nje jaza mwanya kwa lateksi nzito kwenye ncha ya kijiti, igonge kwa sponji ifanane na vinyweleo, na urudishe rangi kuanzia msingi. Mpasuko ukirudi mahali palepale, angalia fuvu chini yake: karibu hakika kuna ukingo mkali au waya unaovuta kupita kiasi, na huo ndio wa kurekebishwa kabla ya kubandika tena.